Kisa cha jengo la HUD Washington: wizara ya nyumba iliyojengwa pale nyumba za watu zilipobomolewa

Hili jengo limesemwa vibaya kwa zaidi ya miaka 50 na karibu kila anayelisema anasema kitu kilekile, baya, zito, linatisha. Jack Kemp, waziri wa hiyo wizara kuanzia 1989 mpaka 1993, yani mtu aliyekuwa anaingia mle kila asubuhi akiwa bosi wa wote, alisema ni ghorofa kumi za besmenti, yani za chini ya ardhi, na hayo maneno yameliganda jengo mpaka leo, kila anayeliandika lazima ayataje. Mi naomba tulichukue kama kisa kizima, kuanzia ardhi lilipokaa mpaka hapa lilipofika la kutafutiwa mnunuzi, kwa sababu naona habari ya sura imemeza mambo mawili makubwa kuliko sura. La kwanza liko chini ya jengo, watu waliokuwa wanaishi pale. La pili liko ndani ya kuta, matengenezo yaliyokuwa yanasogezwa mbele mwaka baada ya mwaka.

Tuwekane sawa kwanza ni jengo gani. Jina rasmi ni Robert C. Weaver Federal Building, liko Washington upande wa kusini-magharibi kwenye 7th Street, na lilijengwa kuwa makao makuu ya Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ya Marekani ambayo kila mtu kule anaiita HUD. Ghorofa kumi za zege. Ukilitazama kutoka angani limekaa kama herufi X ila mikono imepinda, zile kuta ndefu zote zimekunjwa kama upinde. Mchoraji ni Marcel Breuer, Mhungaria aliyezaliwa 1902, akapitia Bauhaus, shule ya ubunifu kule Ujerumani, akapata jina miaka ya 1920 kwa kutengeneza viti vya mabomba ya chuma yaliyokunjwa, alafu 1937 akaenda Marekani akawa anafundisha Harvard. Kwenye hii kazi alikuwa na Herbert Beckhard wa ofisini kwake pamoja na kampuni ya Nolen-Swinburne. Jengo likazinduliwa Septemba 1968, Rais Lyndon Johnson akiwepo.

Sasa ardhi, na hapa nitakaa kidogo maana bila hii sehemu kisa chote kinakuwa ugomvi wa ladha tu.

Kusini-magharibi ya Washington ya miaka ya 1940 ilikuwa mitaa ya nyumba ndogo zilizoshikana na vichochoro vyake, wengi wakiwa familia za watu weusi, na Wayahudi waliokuwa na maduka pale wengi wao wahamiaji kutoka Ulaya. Ni karibu kabisa na Bunge, zile picha maarufu za kipindi hicho zinaonyesha kamba za nguo na vyoo vya nje alafu kuba la Capitol, jengo la Bunge, linachungulia nyuma yake. Bunge likaona aibu. Mwaka 1945 ikapitishwa sheria ya kuunda wakala wa kutwaa ardhi na kuijenga upya, na kufikia 1954 bomoabomoa ikaanza. Walichofanya ni kufagia karibu mtaa mzima, nyumba, makanisa, maduka. Waliohamishwa ni kama watu 23,000, na biashara kama 1,500 zikaondoka. Wengi walisogea mashariki na ng'ambo ya mto Anacostia, kwenye nyumba za serikali au popote palipopatikana, na hawakurudi kwa sababu kilichojengwa baadaye hakikuwa cha bei yao.

Kuna mwenye duka mmoja aliyekataa. Duka lilikuwa 4th Street, mitaa michache tu kutoka pale jengo la HUD lilipo leo. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka na kila mtu, duka langu ni zima, halina choo kibovu wala ukuta uliopasuka, mnalichukua la nini, tena mnalichukua kwangu mtu binafsi muwape watu binafsi wengine wajenge. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, inaitwa Berman v. Parker, na Novemba 1954 majaji wote kwa pamoja wakaikataa hoja hiyo. Jaji William Douglas ndo aliandika hukumu. Akasema mradi unatazamwa kwa ujumla wake, hauwezi kuchambuliwa nyumba moja moja, na kwamba ni ndani ya mamlaka ya Bunge kuamua mji uwe mzuri wa kutazama na sio safi tu kiafya. Kwenye hukumu aliweka takwimu za eneo lile la kwanza: watu 5,012, asilimia 97.5 weusi. Asilimia 57.8 ya nyumba zilikuwa na choo cha nje, 60.3 hazina bafu, 29.3 hazina umeme, 83.8 hazina mfumo wa kupasha joto nyumba nzima. Na 64.3 zikahesabiwa kuwa zimechakaa kiasi cha kutokarabatika.

Zile namba ni za kweli na zinauma, mtu asije akapamba umaskini wa pale akafanya kama watu walikuwa peponi. Mtoto kutoka nje usiku wa baridi kwenda chooni ni jambo la kuondolewa. Lakini soma tena hiyo orodha taratibu, choo, bafu, waya wa umeme, mabomba. Hivyo ni vitu fundi anavileta. Georgetown, upande mwingine wa mji huohuo, nako kulikuwa na nyumba za rika hilohilo na vichochoro na familia za watu weusi, ila Georgetown ikapewa sheria ya kuilinda mwaka 1950 na nyumba zikarekebishwa, ingawa kule nako wenyeji wengi weusi waliishia kusukumwa nje na bei. Kwa hiyo swali la 1954 halikuwa kama nyumba zinaweza kutengenezwa. Swali lilikuwa zinatengenezwa kwa ajili ya nani, na mahakama haikuulizwa hilo.

Ndani ya eneo hilo lililofagiliwa ndo ikapatikana nafasi ya makao makuu ya wizara ya nyumba. Barabara kuu ya Southwest Freeway ikapita kusini yake, L'Enfant Plaza, mkusanyiko wa majengo ya ofisi na uwanja wake, ikachorwa na mchoraji I. M. Pei jirani, na ofisi za serikali zikajaa.

Alafu angalia nani aliyekuja kukaa kiti cha kwanza pale. Robert Weaver alizaliwa Washington hiyohiyo mwaka 1907, mtu mweusi, akasoma uchumi Harvard mpaka udaktari 1934, na maisha yake ya kazi aliyatumia kueleza jinsi ubaguzi wa makazi unavyotengenezwa, na mabenki, na mikataba ya viwanja, na serikali yenyewe. Rais Kennedy alitaka kuunda hii wizara mapema, 1962 Bunge likakataa, na sababu mojawapo ni kwamba wabunge wa majimbo ya kusini mwa nchi walijua fika Weaver ndo atakuwa waziri. Johnson akaipitisha Septemba 1965, Januari 1966 Weaver akaapishwa, mtu mweusi wa kwanza kwenye baraza la mawaziri la Marekani. Miaka miwili baadaye, Aprili 1968, Martin Luther King anauawa, Washington inawaka moto, na wiki moja baada ya mauaji Johnson anasaini sheria ya kupiga marufuku ubaguzi kwenye kuuza na kupangisha nyumba. Wizara iliyopewa kazi ya kuisimamia sheria hiyo ni HUD. Miezi mitano mbele wanafungua jengo. Weaver mwenyewe alikaa mle miezi michache tu, Desemba mwaka huo akaondoka. Alifariki 1997 na jengo likapewa jina lake baadaye.

Kwa hiyo ndani ya jengo moja unakuta watu walioajiriwa kuzuia kile ambacho ardhi yao ya chini imepitia. Mi hilo linanigusa sana na sijui kwa nini halitajwi kabla ya rangi ya zege.

Haya, tuje kwenye mchoro wenyewe.

Mwaka 1962 Daniel Patrick Moynihan, wakati huo kijana msaidizi kwenye Wizara ya Kazi, aliandika ukurasa mmoja na kidogo wa kanuni za majengo ya serikali kuu. Kiini chake ni kwamba serikali isiwe na mtindo rasmi wa kuwalazimisha wachoraji, ubunifu utoke kwa wachoraji uende serikalini na sio kinyume chake, na majengo yaonyeshe heshima na nguvu na uimara wa taifa. Kabla ya hapo majengo mengi ya serikali yalikuwa yanatoka yamefanana, nguzo za kigiriki au maboksi ya kawaida ambayo hakuna mtu anakumbuka nani kachora. Jengo la HUD ni kati ya matunda ya mwanzo kabisa ya hizo kanuni, na ndo maana mtu wa kimo cha Breuer akapewa kazi ya ofisi za serikali.

Na tatizo alilopewa lilikuwa gumu kuliko watu wanavyodhani. Wafanyakazi walikuwa wametawanyika majengo tofauti mjini, inabidi wakae pamoja. Washington ina sheria ya 1910 ya urefu wa majengo, kwenye mitaa mingi ya biashara hupiti futi 130, kwa hiyo mnara hauwezekani. Ukitaka nafasi nyingi bila kwenda juu unatanuka, na ukitanuka kwa boksi nene katikati panakuwa giza, watu wanakaa siku nzima chini ya taa hawajui nje mvua inanyesha au jua limewaka. Jibu la Breuer ni ile X iliyopinda. Kila mkono ni mwembamba, koridoo inapita katikati, ofisi huku na huku, na ofisi zote za pembeni zina dirisha. Alishajaribu wazo la karibu na hilo kwenye makao makuu ya UNESCO kule Paris yaliyofunguliwa 1958, ile ina umbo la Y. Ukikata X kwenye mkono wowote unakuta ni jengo jembamba lenye madirisha pande mbili. Kumbuka hilo la wembamba, nitalirudia.

Sasa njoo karibu na ukuta, maana hapa ndo watu wanapita haraka. Chukua dirisha moja tu. Lile sio dirisha lililokatwa kwenye ukuta, ni kipande kizima cha zege kilichomwagwa kwenye kalibu mbali na jengo, kikasubiriwa kikomae, kikaletwa kikapandishwa na kreni na kukalishwa juu ya mwenzake. Kioo kimezama ndani, na kingo za zege zinachomoza mbele yake zimekatwa kwa mshazari, kwa hiyo jua la mchana likija kutoka juu linakutana na kivuli kabla halijafika kwenye kioo. Kipande hichohicho ndo kinabeba mzigo, hakuna nguzo nyingine ya nje imejificha nyuma yake, ukuta ndo nguzo. Na hilo zege halikupigwa lipu wala kuvikwa marumaru, sura unayoiona ni ile iliyotoka kwenye kalibu. Wazo la Breuer kwenye paneli zake lilikuwa kwamba kitu kimoja kifanye kazi zote, kibebe, kikinge jua, kipitishe mabomba na nyaya kwenye kina chake. Hili lilikuwa jengo la kwanza la serikali kuu ya Marekani kutumia zege la kumwagwa kabla kama kitu kikuu cha kulibeba na cha kulimalizia kwa nje. Kalibu zinajirudia, ukishatengeneza moja unamwaga nyingi, mafundi wanaenda haraka. Mtu akisema hawakufikiria, huyo hajaangalia dirisha.

Na kile kivuli kinabadilika. Ukuta umepinda kwa hiyo saa nne asubuhi upande mmoja umejaa mistari myeusi mirefu na mwingine uko mweupe bado, na ukitembea kando yake mistari inakusogelea. Hilo halionekani kwenye picha ya kupiga kutoka mbele ukiwa katikati ya barabara, na picha zinazosambazwa karibu zote ni za namna hiyo.

Ila mle ndani hali si sawa na uzuri wa wazo. Ghorofa kumi kuzibana chini ya kikomo cha sheria maana yake dari zinakuwa chini. Koridoo zilizopinda huoni mwisho wake, unatembea mlango baada ya mlango, mikono minne imefanana, mgeni anapotea. Kemp hakuwa anatunga, alikuwa anaeleza anachokihisi. Ninachokataa mi ni kuruka kutoka hapo kwenda kwenye kusema jengo lote halifai, maana dari fupi na alama mbovu za kuelekeza watu ni vitu viwili vyenye majina na kila kimoja kina dawa yake au hakina, tuviseme hivyo.

Kosa kubwa zaidi la Breuer kwa maoni yangu liko chini kabisa, usawa wa mtu anayetembea kwa miguu. Jengo limeinuliwa juu ya nguzo nene za zege kana kwamba linapisha watu wapite, lakini wapite kwenda wapi? Mbele pameachwa uwanja mkubwa wa mawe mtupu, hakuna duka la maana linalotazama mtaa, hakuna kivuli. Chini ya huo uwanja kuna pakingi, kwa hiyo huwezi kupanda mti mkubwa, hakuna udongo wa mizizi na paa la pakingi halibebi uzito wowote unaotaka kuuweka juu. Yani pale ambapo zamani palikuwa na vibaraza na watu wamekaa nje jioni, wizara inayoshughulika na makazi ikaweka mahali ambapo huwezi kukaa.

Hilo walikuja kulikubali wenyewe. Miaka ya 1990 wakamwita Martha Schwartz, mbunifu wa bustani na viwanja, atafute namna ya kuufufua ule uwanja, na kazi ikakamilika 1998. Akaweka vipaa vya duara vyenye tundu katikati kama maandazi ya pete, vya kitambaa cha plastiki cheupe, vimesimama juu ya milingoti ya chuma, na chini yake visanduku vya duara vya nyasi ambavyo ukingo wake unakalika. Vyepesi makusudi, kwa sababu ya lile paa la pakingi. Kuna wanaovipenda na wasiovipenda, mi naona alifanya kinachowezekana, alileta kivuli na mahali pa kukalisha kiuno pale ambapo hapakuwa na kimoja. Lakini ni kiraka. Uwanja usio na mlango wa mtu wa kawaida kuingia unabaki uwanja wa wafanyakazi wa lunchi, saa kumi na moja jioni umekwisha.

Na katikati ya miaka hiyohiyo kuna kitu kilichofunga kabisa mlango wa kuufanya ule usawa wa chini uwe wa wazi. Aprili 1995 bomu la Oklahoma City lililipua jengo la Murrah, na HUD ilikuwa na ofisi mle. Wafanyakazi wake 35 walikufa. Baada ya hapo majengo ya serikali kuu nchi nzima yaliwekewa masharti ya ulinzi, vizuizi vya magari, mageti ya ukaguzi, umbali kutoka barabarani. Huwezi kuwalaumu, ukishazika wenzako 35 huwazi tena kuweka mgahawa wazi chini ya ofisi. Ila ndo hivyo, nguzo alizozichora Breuer ili watu wapite chini zikaishia kuzungukwa na ulinzi.

Tuje kwenye matengenezo, na naomba uvumilivu kwa sababu ni sehemu isiyovutia ila ndo inayoamua kila kitu. Zege lililoachwa wazi lina adui mmoja, maji. Maji yakipata ufa yanafika kwenye nondo, nondo inashika kutu, na kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo inasukuma zege kutoka ndani mpaka linabanduka. Dawa ni kukagua, kuziba nyufa zikiwa ndogo, kubadilisha mastiki, ile gundi laini ya kuziba, kwenye maungio ya paneli kabla haijakauka na kupasuka, kulinda mapaa bapa na paa la pakingi lisivuje. Alafu jengo ni la kabla ya mgogoro wa mafuta wa 1973, kipindi ambacho nishati ilikuwa rahisi na hakuna aliyekuwa anaogopa bili, kwa hiyo mitambo ya hewa na joto na madirisha yote ni ya hesabu ya zamani. Hakuna kati ya hivyo kilicho fumbo. Ni kazi ya kila mwaka yenye gharama ya kila mwaka, na bajeti ya ukarabati ndo ya kwanza kukatwa popote kwa sababu haikatiwi utepe.

Mwezi Aprili 2025 serikali ikaliweka jengo kwenye orodha ya kuuzwa kwa haraka. Maelezo yao ni kwamba HUD inalipa zaidi ya dola milioni 56 kwa mwaka kwa kodi ya pango na uendeshaji, na jengo linahitaji zaidi ya dola milioni 500 za matengenezo yaliyolimbikizwa na kulifanya la kisasa. Juni 2025 waziri Scott Turner akatangaza wizara inahamia Alexandria, Virginia, kwenye jengo ambalo lilikuwa makao makuu ya NSF, taasisi ya serikali ya kufadhili sayansi, lenye wafanyakazi wake zaidi ya 1,800, na siku ya tangazo NSF ilikuwa haijatajiwa wanakwenda wapi. Mimi nilipoona hilo nilirudi moja kwa moja kwenye 1954, ingawa ukubwa haufanani hata kidogo na mfanyakazi wa ofisi hapotezi nyumba. Ni ile tabia, mmoja anapata nafasi nzuri na aliyekuwepo anaambiwa utaelezwa baadaye.

Hiyo dola milioni 500 watu wanaitumia kama ushahidi kwamba jengo ni bovu. Isome vizuri, wanasema yaliyolimbikizwa. Ni deni, na aliyelikopa ni kila utawala uliopita pale ukaahirisha, vyama vyote viwili. Kumpelekea Breuer bili ya mastiki ambayo haikubadilishwa baada ya yeye kufa 1981 sio haki.

Na kuna mkondo wa kisiasa ndani yake pia. Desemba 2020 Rais Trump alitoa amri ya kutaka majengo ya serikali yapendelee mtindo wa kale, na ndani ya amri hiyo majengo mawili ya Washington yalitajwa kwa majina kuwa yalileta malalamiko makubwa, hili la Weaver na la Hubert H. Humphrey ambalo ni makao makuu ya Wizara ya Afya. Yote mawili ni ya Breuer. Biden akaifuta amri mapema 2021, Agosti 2025 Trump akatoa nyingine ya mwelekeo uleule. Kanuni ya Moynihan kwamba serikali isiwe na mtindo rasmi ndo inayogombewa hapo, na hili jengo limegeuzwa kielelezo cha ugomvi huo wakati ugomvi wake halisi ni wa ardhi na matengenezo.

Sasa lifanywe nini? Liko kwenye Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria tangu 2008, lakini watu wanakosea hapa, rejista haizuii kubomoa. Sheria ya 1966 ya uhifadhi inailazimisha serikali kuu ishauriane na wahusika kabla ya kuuza au kuharibu, na likishaingia mikononi mwa mtu binafsi kinachobaki ni sheria za mji pamoja na masharti yaliyoandikwa kwenye hati ya mauzo. Jengo jingine la Breuer, la American Press Institute kule Reston, Virginia, lilibomolewa 2016.

Mi nasema ligeuzwe makazi, na nina sababu za kifundi. Kinachoua miradi mingi ya kugeuza ofisi kuwa nyumba ni unene wa jengo, katikati panakuwa mbali mno na dirisha, huwezi kuweka chumba cha kulala kisicho na mwanga. Hili ni jembamba tangu siku ya kwanza. Koridoo katikati, vyumba pande mbili, kila chumba na dirisha, hiyo ni ramani ya fleti karibu ilivyo. Stesheni ya treni ya L'Enfant Plaza iko hapohapo. Ugumu upo na niuseme: ukuta wa nje unabeba mzigo kwa hiyo huwezi kutoboa milango ya baraza au kupanua madirisha unavyotaka, dari fupi zinabaki fupi, na kila fleti inataka mabomba yake ya maji na maji taka yapite wima ghorofa kumi. Usawa wa chini inabidi ufunguliwe upya kabisa, maduka, milango, kitu cha kufanya mtu apite pale saa mbili usiku bila kuogopa. Wizara ikiondoka yale masharti ya ulinzi yanaondoka nayo, hiyo peke yake ni nafuu kubwa kwa mtaa.

Lakini fleti za nani? Eneo lile limeshajengewa nyumba za bei mara moja, tunajua lilivyoisha. Ukiuza tu kwa anayetoa hela nyingi utapata fleti za wanasheria wa Bunge, na familia za wale 23,000 watasoma habari wakiwa ng'ambo ya mto. Serikali ikiwa bado ndo mwenye jengo ina uwezo wa kuandika kwenye hati kwamba sehemu fulani ya vyumba iwe ya kipato cha chini kwa muda mrefu na kwamba paneli za nje zisivunjwe. Baada ya saini uwezo huo haupo tena, kwa hiyo hayo masharti mawili yanatakiwa yaandikwe kwenye tangazo la mauzo lenyewe, mnunuzi aweke bei yake akiwa ameshayasoma.